Kusubu chubwi nyumbani: mchanga, mbao, alumini, au kuacha moto kabisa

Chubwi, ule uzito unaozamisha mshipi wa kuvulia, ni kitu cha kupotea. Ukivua mshipi juu ya matumbawe, iwe Nungwi au Kizimkazi huko Unguja, au Msuka huko Pemba, bahari huchukua sehemu yake kila safari. Leo imenasa kwenye jiwe, kesho mshipi umekatika na vyote vimeondoka. Haipiti muda mvuvi anaanza kukusanya vipande kuukuu vya madini ya risasi na kufikiria kusubu mwenyewe, yaani kuyeyusha na kumimina ndani ya umbo.

Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 za sentigredi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu. Kwa hiyo moto haumsumbui mtu. Kinachowasumbua wengi wanaoanza ni kalibu, yaani umbo la kumiminia: wamimine ndani ya nini? Mmoja atakwambia mchanga, mwengine mbao, na kijana aliyeona video atakwambia bila kalibu ya alumini unajichosha. Kila mmoja ana haki kwa upande wake, kwa sababu kila mmoja anavua pengine.

Tutapima kwa nini

Kwanza gharama: unatoa nini mfukoni kabla ya chubwi ya kwanza, na vitu vyenyewe vinapatikana Unguja na Pemba au mpaka uagize. Pili ustadi unaotakiwa. Tatu kile kinachotoka: je, chubwi kumi zitalingana uzito, au kila moja itakuwa na sura yake? Nne hatari ambayo njia hiyo inaiongeza juu ya ile ya risasi yenyewe.

Kuna kipimo cha tano ambacho watu hawakiulizi, nami nakitanguliza mbele ya vyote: chubwi yako inaishia wapi? Anayevua penye sakafu ya mchanga huirudisha nyumbani chubwi ileile mwaka mzima. Anayevua mwambani anaipanda baharini. Hawa wawili hawawezi kupewa shauri moja.

Yanayohusu kila anayewasha moto

Kabla ya kulinganisha kalibu, kuna mambo ambayo hayabadiliki kwa njia yoyote kati ya hizo tatu za moto, na asiyeweza kuyatimiza aende moja kwa moja kwenye njia ya nne, ile ya bila moto.

Maji ndiyo adui wa kwanza. Tone la maji likifunikwa na risasi ya moto hugeuka mvuke ghafla, na mvuke huo huhitaji nafasi kama mara 1,700 ya ile ya maji. Risasi hurushwa juu, usoni na mikononi. Chubwi kuukuu zilizookotwa pwani ni hatari hasa, maana tundu la mshipi huficha maji ya bahari na mchanga wa chumvi. Kipande chochote chenye shaka kiwekwe chomboni kikiwa baridi, pamoja na vingine, vipate moto pamoja. Usiongeze kipande kibichi juu ya risasi iliyokwisha kuyeyuka. Siku ya wingu la masika, acha.

Adui wa pili haonekani. Risasi ikiwa kwenye nyuzi 350 hadi 400 haitoi mvuke mwingi. Sumu kubwa ya mtu wa nyumbani hupita mikononi, kwenye vumbi la kijivu linalobaki juu ya risasi iliyoyeyuka, na kwenye nguo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi kwa sababu inagusa akili zao. Mjamzito naye akae mbali kabisa, maana risasi humfikia mtoto tumboni. Wapwani tunao mfano wa jirani: mtaa wa Owino Uhuru huko Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu hiyo, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hapo ndipo lilipo jibu kwa anayeuliza kama anaweza kuvunja betri ya gari apate risasi ya bure. Hapana. Ndani mna tindikali, na madini mengine yaliyochanganywa na risasi hiyo hayafai kuvutwa puani.

Basi kazi ifanyike uwanjani, mbali na kisima na mbali na jiko la chakula, upepo ukiwa mgongoni. Vaa viatu vya kufunika mguu, wala si kandambili, suruali ndefu ya pamba, glavu za ngozi na miwani ya kinga. Chombo cha kuyeyushia kiwe cha chuma. Sufuria nyembamba ya alumini juu ya mkaa unaopulizwa inaweza kutoboka, ukamwagikiwa. Chombo hicho na upawa wake havirudi jikoni tena hata vikisuguliwa vipi. Moto ukidhibitiwa vizuri, kijiti kikavu ukikichovya hugeuka kahawia polepole; uso wa risasi ukianza kuonyesha rangi za samawati na zambarau, umezidisha. Mavi ya risasi unayoyaengua juu yatie kwenye kopo lenye kifuniko, yasitupwe jalalani ambako kuku na watoto hupekua. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni kabla ya sigara, kabla ya chai, kabla ya kumbeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Neno moja juu ya risasi ya kuokoteza. Iliyo safi hukwaruzika kwa ukucha, huacha alama ya kijivu kwenye karatasi, na ikianguka sakafuni hutoa sauti ya kufa, hailii. Vizani vya magurudumu kutoka gereji zamani vilikuwa risasi, lakini siku hizi vingi ni zinki au chuma. Zinki inayeyuka kwa nyuzi 419, kwa hiyo usipozidisha moto, vipande vyake huelea juu vikiwa vigumu nawe unavitoa kwa upawa. Ikiyeyuka humo, risasi yote inakuwa nzito kama uji na haijazi kalibu.

Kalibu ya mchanga

Hii ndiyo ya bei rahisi kuliko zote za moto. Unahitaji kopo au fremu ya mbao, mchanga, na chubwi moja ya kukandamiza iwe mfano. Ila si mchanga wowote. Ule mweupe wa pwani zetu ni wa matumbawe na makombe yaliyosagika, hauna udongo wa kushikana, na chumvi yake hunyonya unyevu. Tafuta mchanga laini wa nchi kavu, uchekeche, uukaushe, kisha uchanganye na udongo wa mfinyanzi uliosagwa.

Mabingwa hutia maji kidogo sana mchanganyiko ushikane. Kwa anayeanza sipendi hivyo, kwa sababu "kidogo" ya bingwa na "kidogo" ya mgeni hazifanani, na makosa yake tumeshayataja. Mafuta ya kupikia hufanya kazi ileile: tia kiasi cha mchanganyiko kushikana ukiufumbata, na ukiuvunja tonge liachane safi. Utapata moshi na harufu, pengine na mwali mdogo, lakini hutapata mvuke wa maji.

Ustadi wake unapatikana jioni moja kama unataka chubwi ya uso bapa: kandamiza mfano, utoe polepole, chomeka kitanzi cha waya, mimina. Chubwi ya duara inataka fremu mbili zinazokutana, na hapo subira inahitajika zaidi. Kinachotoka kina ngozi ya kukwaruza, uzito unapishana kidogo, na kila chubwi inataka kalibu mpya kwa sababu unaivunja ili kuitoa. Upande wa pili, umbo lolote linawezekana. Ukitaka leo ya gramu 100 na kesho nanga ndogo ya nusu kilo ya maji ya bamvua, yale makubwa yenye mkondo mkali, unabadilisha mfano tu, hununui kitu.

Inamfaa anayehitaji chubwi chache za saizi tofautitofauti na ambaye hajui bado kama kazi hii ataipenda.

Kalibu ya mbao

Hapa Zanzibar ina bahati, kwani mafundi wa kuchonga wapo tangu enzi. Vipande viwili vya mbao ngumu, mvule au mninga, vilivyonyooshwa vikakutana bila mwanya. Patasi inachimba nusu ya umbo kila upande, mfereji wa kumiminia juu, na misumari miwili ya kuongoza ili vipande vikutane palepale kila mara. Kama wewe mwenyewe si mtu wa patasi, seremala atakufanyia. Mbao lazima iwe kavu kwelikweli, iliyokaa ndani miezi mingi, isiwe iliyopasuliwa juzi.

Kuimiminia mara ya kwanza kuna kelele. Mbao huungua kwenye uso wa tundu, hutoa hewa na unyevu uliobaki, na risasi hububujika. Chubwi ya kwanza, ya pili na hata ya tatu hutoka na mashimo. Zirudishe chomboni. Uso ukishageuka makaa mambo hutulia, na hapo ndipo kalibu ya mbao huwa nzuri: haihitaji kupashwa moto kabla, haishiki risasi, na chubwi hutoka upesi.

Kasoro yake ni kwamba inajila yenyewe. Kila mmimino hula kidogo, kwa hiyo chubwi za mwisho huwa kubwa kuliko za mwanzo, na kingo za tundu hulegea mpaka risasi inapenya katikati kama utando. Kwa mvuvi wa kawaida hilo si neno; utando unakatwa kwa kisu. Anayeuza kwa uzito ndiye litakayemsumbua. Na kwa kuwa unashika mbao inayofuka moshi karibu na mkono, iwekwe kwenye jiliwa, kile kibanio cha fundi, au ibanwe kwa mawe, isishikwe kiganjani. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu kwa kuzimia. Ya maji iwekwe mbali, mtu asije akaimwaga kwenye risasi kwa kihoro.

Inamfaa anayejua saizi yake, anayetaka makumi machache, na ambaye ana fundi seremala wa kumtegemea.

Kalibu ya alumini

Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, maradufu ya risasi, kwa hiyo haiguswi. Ukiitunza, utaiacha urithi. Gharama ndiyo ukuta. Kalibu za dukani, kama zile za Do-It za Marekani, huagizwa, na nauli na ushuru vinaongezeka juu yake. Njia nyengine ni karakana ya vyuma: bamba mbili nene za alumini, tundu zimechimbwa kwa keekee ya kutobolea na mashine ya kukereza, bawaba upande mmoja na mipini ya mbao. Ubora wa kalibu utakuwa sawasawa na ubora wa fundi. Mwanya mdogo kati ya bamba mbili unaharibu kila kitu, nao hauonekani mpaka siku ya kumimina. Mwambie fundi azishike mbele ya taa, mwanga usipite.

Watu hudhani kalibu nzuri inaondoa haja ya kujifunza. Kwa kweli hii ndiyo inayotaka nidhamu zaidi. Ikiwa baridi, alumini hunyang'anya joto la risasi papo hapo na chubwi hutoka na makunyanzi au nusu umbo. Mbaya zaidi, hewa yetu ya unyevu huacha umande usioonekana juu ya chuma baridi, na umande ni maji. Ipashe ukingoni mwa jiko mpaka ikauke na iwe ya moto wa kutosha, kisha pitisha tundu juu ya mwali wa kibatari zishike masizi membamba. Masizi hayo husaidia risasi kuenea na chubwi kuachia bila kugongwa. Jaza mpaka mfereji wa juu ubaki na akiba, kwa kuwa risasi ikiganda hunywea na kuvuta kutoka hapo; ukibana, kichwa cha chubwi kitakuwa na shimo. Mfereji hukatwa kwa koleo na kurudi chomboni.

Ukishaikamata, hakuna inayoifikia. Chubwi zinatoka laini, zimelingana, nyingi kwa saa moja. Lakini ni saizi ileile tu, labda tatu nne kama kalibu ina tundu tofauti. Anayevua changu ndani ya mwamba wakati wa maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, na kwenda mkondo wa Pemba wakati wa bamvua atahitaji zaidi ya kalibu moja.

Hatari ya ziada ni ya kuungua kwa kugusa: kalibu ya moto na kalibu ya baridi zina sura moja. Na ile kasi yenyewe humfanya mtu asubu kilo nyingi kwa kikao kimoja, ndivyo vumbi na moshi vinavyoongezeka.

Inamfaa anayesubu kwa ajili ya wenzake wote wa bandarini, au kikundi cha wavuvi kinachochanga gharama.

Kuna wanaouliza juu ya plasta na saruji. Zote mbili hushika maji ndani hata zikionekana kavu, na kuyatoa kunataka kuzioka kwa saa nyingi. Sizihesabu kuwa njia ya mwanafunzi.

Bila moto

Hii watu huidharau, na ndiyo iliyo mbele kwa wavuvi wengi wa mwambani.

Ina matawi mawili. La kwanza ni bamba la risasi, lile la kuzibia mapaa: unalikata kwa mkasi wa bati, unalikunja kuzunguka waya au mshipi, unaligonga kwa nyundo likakaza. Hakuna moshi wala kuungua. Mikono bado inachafuka, na sabuni bado ni lazima. Uzito unaupata kwa kupima urefu wa kipande, na ukitaka nyepesi unakata. Umbo halipendezi. Samaki hawajali.

La pili ni kuacha risasi yenyewe: plagi mbovu za pikipiki, nati kubwa, vipande vya nondo, jiwe au kipande cha zege kilichofungwa kamba. Hapa pana bei ya kulipa, nayo ni ukubwa. Chubwi ya risasi ya gramu 200 ina ujazo wa sentimita za ujazo 18 hivi. Ya chuma ya uzito huo ni 25 na zaidi. Ya zege ni 83 hivi. Maji ya bahari nayo hunyanyua kila kitu kwa kadiri ya ujazo wake, hivyo risasi hubaki na asilimia 91 ya uzito wake ikiwa chini, chuma 87, zege kama 57. Kitu kikubwa husukumwa na mkondo, mshipi ukaenda upande badala ya kwenda chini. Maji mafu hutaona tofauti kubwa kati ya nati na risasi. Wakati wa bamvua, mkondo ukikaza, utaiona, na kwa zege utakasirika.

Hata hivyo rudi kwenye swali la mwanzo: inaishia wapi? Uingereza ilikataza uuzaji wa chubwi nyingi ndogo za risasi mwaka 1987, kwa sababu mabatamaji wa mitoni walikuwa wakizimeza na kufa. Kwetu si mto na hakuna ndege huyo, lakini mwamba unaomeza chubwi ndio huohuo unaotulisha pono na chewa. Ikiwa najua nusu ya ninazoshusha hazitarudi, nati ya bure yenye kutu inanitosha, imefungwa kwa kijikamba chembamba kuliko mshipi, ili ikinasa ikatike yenyewe na samaki abaki.

Haimfai anayevua kina kirefu, wala anayetaka chubwi nyembamba ya kurushia mbali kutoka ufukweni.

Kwa hali yako

Unakaa ghorofani Michenzani au Ng'ambo kwenye nyumba zilizobanana, au ndani kuna mtoto anayetambaa au mjamzito: bila moto, au nunua. Kalibu nzuri haiwezi kukupa uwanja usio nao.

Unavua mwambani maji ya karibu na unapoteza kila wiki: plagi na nati kwa kazi ya kila siku, na chubwi chache za risasi, za mchanga, kwa siku za bamvua.

Unavua juu ya mchanga, unazirudisha, unataka kumi za saizi moja zidumu: mbao, ikiwa una seremala. Kama huna, mchanga na mfano mmoja mzuri.

Unavua kina kirefu cha mkondo wa Pemba, chubwi za nusu kilo na zaidi: mchanga. Tundu kubwa la mbao huungua haraka, na kalibu kubwa ya alumini ni ghali kwa vipande viwili vitatu vya mwaka. Mimina kwa mkupuo mmoja. Ukikatiza katikati, chubwi inakuwa na mshono na hupasuka hapo ikipigwa jiwe.

Mko kikundi, Tumbe au Kojani huko Pemba, na kila mmoja ananunua zake dukani: changeni alumini, mmoja aliye makini awe ndiye msubuji, na mkubaliane asubu wakati gani na wapi. Upepo wa kusi ukivuma vizuri, mahali pazuri ni upande wa kaskazini wa makazi, moshi uende zake baharini au porini. Wakati wa kaskazi, hamisheni jiko.

Na kama huna uhakika uko kundi gani, anza na kilo moja ya risasi na kopo la mchanga. Ukigundua kazi huipendi, risasi hiyo haiozi, itamfaa jirani.